Kandili Iliyopenda Hesabu

Kandili iliwaka rangi ya chungwa, na Gwamaka Mwaisumbe akajizuia asipige makofi.

"Theluthi mbili, jumlisha robo," alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anafurahi. "Asili ya pamoja ni ngapi?"

Binti yake Atuganile, msichana wa miaka kumi na mmoja, alifumba macho kidogo na kuuma mdomo wa chini. Kandili iliyokuwa katikati ya meza ikasitasita, kisha ikakolea kama kaa lililopulizwa.

"Kumi na mbili. Jibu ni kumi na moja juu ya kumi na mbili, Mwalimu."

Alimwita Mwalimu kwa sababu baba alikuwa amevaa tai. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Gwamaka akifunga tai juu ya sweta, maana Tukuyu ni baridi na mvua haina adabu, huyo ni Mwalimu, na Mwalimu haombwi chapati. Akiivua, ni Baba, na Baba haulizwi hesabu. Bupe, kitinda mimba wa miaka sita, alikuwa chini ya meza akimfundisha paka herufi. Paka alikuwa mzito wa kuelewa, na Bupe alishamwambia mara kadhaa kwamba atarudia darasa.

"Haya, umeona?" Gwamaka alisema. "Wewe na hesabu za sehemu mmezaliwa pamoja. Kesho tutaongeza saa moja."

Atuganile aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Kandili ikafifia, ikawa njano, ikaelekea bluu. Gwamaka hakuipenda ile bluu. Siku hizi ilikuwa inakuja upesi mno, hata katikati ya sehemu zenyewe.

Usiicheke sheria ya kandili, ilitungwa na watu wenye huruma. Miaka ile mvua zilipokuwa zinazoa barabara na madaraja, shule zikawa hazifikiki, serikali ikaruhusu watu wafundishe watoto wao nyumbani. Jamani, kuna wazazi waligeuza sebule kuwa jela! Watoto wakawa wanakariri tangu alfajiri hadi giza linaingia, wengine wakaacha kula. Ndipo ikaamuliwa kwamba anayefundisha nyumbani afundishe kwa furaha, na furaha hiyo ipimwe. Mtoto akitimiza miaka saba anavishwa kipuli kwenye ndewe ya sikio. Kipuli kinasoma joto la damu na mawimbi ya ubongo, kinaipa habari kandili ya mezani, na kandili inazituma Ofisi ya Elimu ya Nyumbani kule Mbeya. Chungwa ni furaha, njano ni hivi hivi, bluu ni mashaka. Bluu zikizidi, anakuja mkaguzi. Bluu ikidumu mbele ya macho yake, kibali kinasimama na mtoto anapelekwa bweni. Kipuli hakiulizi furaha imetoka wapi. Kinajua ipo au haipo, basi.

Bweni Atuganile alilijua. Alikaa huko mwaka mzima alipokuwa na miaka minane, wakati baba na mama yake wote wawili walikuwa mafundi wa kituo cha umeme wa mvuke. Alirudi anaongea kwa kunong'ona. Nyumbani kwao, kwenye kibaraza chao wenyewe, alikuwa ananyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku Gwamaka alipouona mkono ule umenyooshwa, aliacha kazi. Mkewe Subilaga akabaki kituoni, akawa anakuja mwisho wa juma.

Mwanzoni walisoma kwa raha ya ajabu. Walipima mvua kwa makopo, wakachora mbawakawa, wakapika vitu vikaungua wakajadili kwa nini vimeungua. Kisha kandili ikaletwa ikafungwa mezani, na hapo ndipo Gwamaka alipokosea, kosa la mtu aliyekula ujana wake mbele ya geji. Kituoni fundi hasikilizi bomba linasemaje, anatazama mshale. Mshale ukishuka unapunguza, ukipanda unaongeza, na hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kuuamini. Kwa hiyo somo lililofifisha kandili alilipunguza, na lililoiwasha aliliongeza. Atuganile alipoinama juu ya mbawakawa nusu siku, kimya, ulimi nje, kandili iliuona umakini ule kuwa mashaka, ikawa bluu. Gwamaka akafuta mbawakawa. Kwenye sehemu ikawaka kuliko somo lolote. Akaleta sehemu asubuhi, akaleta sehemu mchana, na Jumamosi akaleta sehemu za kujiburudisha.

Na sasa hata sehemu zilikuwa zinafifia. Jumatatu ile, walipokuwa wanafunga vitabu, kandili ikalia mlio mfupi na sauti ya kike ikasema kwa upole kabisa kwamba mkaguzi atafika Ijumaa.

Atuganile aliganda. Kalamu yake ilianguka chini, paka akaikimbilia.

"Usiogope," Gwamaka alisema, akivua tai haraka awe baba. "Mama, nitazame. Hutarudi kule. Nimekuahidi au sijakuahidi?"

"Umeniahidi," alinong'ona mtoto.

*

Jioni ile Gwamaka alipika mbalaga. Alitaka kumpa mtoto moyo, na katika nyumba ile hakuna kilichompa Atuganile moyo kama ndizi zilizopikwa na maharage kwa mkono wa bibi yake, mama yake Gwamaka, aliyefariki mwaka juzi. Mkono wenyewe haukuwepo tena, lakini Gwamaka alikuwa ameuiga. Alisonga maharage kwanza kama mama yake alivyokuwa akifanya, akamimina maziwa mwishoni, akaacha chini kushike kidogo.

"Onja," alisema. "Halafu uniambie umemkumbuka nani."

Atuganile alionja. Alitafuna, akameza, akachukua kijiko kingine. Usoni hapakuwa na kitu.

"Tamu," alisema.

"Tamu tu? Bupe, sikia dada yako! Huyu si ndiye aliyekuwa analala kwenye kanga ya Bibi? Si ndiye aliyekuwa anapigania ukoko na mimi, baba mzima?"

"Bibi nimeshammaliza, Baba."

Gwamaka alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaona kwamba mtoto hatanii.

"Umemmaliza vipi?"

Atuganile aliweka kijiko. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba ndoo mbali, sasa anatafuta mahali pa kuitua. Akaeleza. Sehemu hazipendi. Anazichukia, tena zinamtisha, maana akikosea anaona kandili inageuka bluu na akiona bluu analiona bweni. Basi siku moja, ikielekea bluu, akakumbuka kwa bahati tu jinsi Bibi alivyokuwa anampa ukoko kwa siri. Kandili ikawaka. Kesho yake akamkumbuka tena, safari hii kwa makusudi. Ikawaka.

"Lakini ukimkumbuka mtu kwa makusudi kila siku, anachuja, Baba. Kama majani ya chai, unayachemsha leo, unayachemsha kesho, mwisho unakunywa maji. Bibi alichuja. Nikachukua siku Bupe alipozaliwa, nayo ikachuja. Nikachukua ile safari ya Matema, nikachukua mbawakawa. Nikivikumbuka sasa najua vilitokea, lakini ni kama vya mtu mwingine."

Gwamaka alisukuma sahani yake pembeni.

"Na sehemu," alisema polepole, "ndiyo ilikuwa inawaka kuliko yote..."

"Kwa sababu ndiyo ilikuwa inatisha kuliko yote. Nilikuwa natumia zile kubwa."

Ee Mungu wangu. Alikuwa anamwongezea. Kila mtoto alipotumbukiza kipande kingine cha moyo wake motoni ili baba asinyang'anywe kibali, baba alifurahi akasema tuongeze saa moja. Akamvuta mtoto akamkumbatia na kijiko chake, na mchuzi ukamwagikia wote wawili.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema Atuganile kifuani mwake. "Na usijali ya Ijumaa. Imebaki moja. Niliitunza."

"Ipi?"

"Siku mliyokuja kunichukua bweni. Mvua ilikuwa inanyesha, na Mama akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa." Alijifuta mchuzi shavuni. "Hiyo itawaka sana."

*

"Mwache aitumie," alisema Subilaga.

Ilikuwa asubuhi, ametoka zamu, uso wake kwenye simu umejaa masizi na uchovu. Alikuwa amelia kwanza, akamaliza kulia, na sasa alikuwa fundi.

"Mama Atu, umenisikia nilivyosema? Ndiyo ya mwisho."

"Nimekusikia, Baba Atu, mimi si kiziwi. Nami nakwambia, aitumie mara moja, mkaguzi aondoke, kibali kibaki. Kumbukumbu atapata nyingine. Ana miaka kumi na mmoja! Tutampa nyingine, tutampeleka Matema tena, tutafanya kila kitu. Lakini bweni likimchukua, unakumbuka alirudije? Unakumbuka ule mkono?"

"Nakumbuka."

"Basi. Halafu siku ile ni yangu pia, mgongo uliobeba ulikuwa wangu. Mimi naitoa."

"Si yako kuitoa," alisema Gwamaka. Lilimtoka kabla hajalipima, na akaona linavyomchoma mkewe. "Samahani. Lakini fikiria, Subi. Itakapochuja hiyo, atabaki na nini? Atajua tu kwamba tuliwahi kumpenda, kama anavyojua mji mkuu wa Zambia. Kisha muhula ujao kandili inataka tena. Tutampa nini aitupie?"

Subilaga alijipangusa uso kwa kiganja. Nyuma yake mvuke ulisikika ukipiga mluzi kwenye mabomba.

"Na ukimzuia, wakamchukua," alisema mwishowe, "ukampeleka kule kwa mkono wako, utaweza?"

Mkewe alikuwa na haki, yeye mwenyewe alikuwa na haki, na mtoto wa kugombewa alikuwa mmoja tu.

"Ijumaa naomba ruhusa," alisema Subilaga. "Nitafika mchana. Uamuzi ufanye wewe uliye hapo, lakini sitakusamehe upesi, kwa lolote utakaloamua. Ujue hivyo."

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, ameloa mabegani, na viatu alivua mwenyewe mlangoni kabla hajaambiwa. Alijitambulisha kwa jina la Bi Siwatu. Watoto wakamwamkia, akaitikia kwa kila mmoja, hata paka alimwambia marahaba, na Bupe akampenda papo hapo. Gwamaka angefurahi zaidi kama angekuwa mkali.

"Endeleeni kama kila siku, Baba Atu," alisema, akikaa pembeni na mwavuli wake mapajani. "Mimi sipo."

Gwamaka alifunga tai. Fundo likakaa kombo. Tangu Jumatatu alikuwa amefikiri hadi kichwa kikauma, na alikuwa hajaamua. Alijiambia kwamba labda leo kandili itawaka yenyewe, kwa somo tu. Akaleta makopo ya kupimia mvua, lile somo la zamani walilolipenda wote. Lakini mtoto aliyeogopa makopo hayamsaidii. Atuganile alitazama maji, akatazama kandili, na kandili ikawa bluu, bluu iliyokoza kama wino.

Bi Siwatu aliitazama. Alishusha pumzi, na ilionekana wazi kwamba kazi ile haimpi raha.

"Kopo la kwanza limejaa robo tatu," alisema Gwamaka. "La pili..."

Atuganile alikuwa amefumba macho kidogo. Akauma mdomo wa chini.

Gwamaka alimwona. Miezi yote ile alikuwa anatazama kandili, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama mtoto. Aliona uso ukikunjuka, mabega yakishuka, kichwa kikiinama kidogo upande, kama cha mtu anayelalia mgongo wa mwingine. Bluu ikapauka. Njano ikaja, na ndani ya njano chungwa likaanza kuchipua, zuri, lenye joto, likajaa meza nzima mpaka likagusa mikono ya Bi Siwatu, naye akaanza kutabasamu. Kibali kilikuwa kinaokoka. Ilibaki asimame tu pale alipo, asifanye kitu.

Alinyoosha mkono akakichomoa kipuli.

Kandili ilizimika. Mvua ilisikika ikianguka kwenye migomba nje.

"Baba!" Atuganile aliruka. Hakunong'ona, alipiga kelele, na Gwamaka hakuwa amesikia kelele kutoka kinywa kile tangu siku za kabla ya bweni. "Kwa nini? Ningeweza! Ilikuwa inawaka! Umeniharibia, umenidanganya, ulisema sitarudi!" Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Uliniahidi!"

"Nilikuahidi," alisema Gwamaka, akilia waziwazi mbele ya mgeni. "Nimevunja ahadi. Unichukie, una haki. Lakini hii siwezi kukuacha uichome kwa ajili ya taa. Niambie kitu kimoja tu, bado ipo?"

Mtoto alihema. Akasimama akisikiliza ndani yake, machozi yakimtiririka, na walimngoja wote.

"Ipo," alisema. "Imechuja kidogo upande mmoja. Lakini ipo."

Bi Siwatu alikuwa amesimama, mwavuli umeanguka. "Baba Atu," alisema taratibu, "kuchomoa kipuli mkaguzi akiwepo kunasimamisha kibali palepale. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi nielezeni. Mimi nilikuwa naona mtoto mwenye furaha."

Aliyeeleza ni Atuganile. Alieleza yote, kwa hasira na kwa sauti kubwa, Bibi na Bupe na Matema na mbawakawa, na Bi Siwatu akaketi tena polepole, akizidi kusinyaa kwa kila neno. Alipomaliza, mkaguzi aliokota mwavuli wake.

"Nimekagua nyumba nyingi sana zenye kandili za chungwa," alisema. "Nilikuwa nawapongeza."

"Kwa hiyo hamtamchukua?" aliuliza Gwamaka.

"Nisikudanganye, ndugu yangu. Jumatatu lazima awe bweni, mpaka Baraza la Elimu likae. Hilo si langu kulifuta. Lililo langu ni kuandika nilichosikia, bila kupunguza, na kuomba Baraza limsikie mwenyewe." Akamgeukia mtoto. "Utaweza kusema mbele ya watu wazima kumi, kama ulivyosema hapa?"

"Nitapiga kelele," alisema Atuganile.

"Piga," alisema Bi Siwatu. Akachukua kandili na kipuli, mali ya Ofisi, akavitia kwenye mkoba wake, akavaa viatu vyake vilivyoloa na kuondoka.

*

Subilaga alifika mchana na koti la kazi. Aliiona meza haina kandili, akaelewa. Alimtazama mumewe, kisha akapita, akaketi sakafuni karibu na binti yake aliyejikunyata ukutani, akavua buti.

"Jumatatu," alisema Atuganile.

"Nimesikia. Tutakupeleka wote, na siku Baraza likikaa tutakuja wote, hata na paka." Akaweka buti pembeni. "Mimi nilitaka uitumie, Atu. Nilimwambia baba yako. Uniwie radhi."

Mtoto aliegemea bega la mama yake. Walikaa hivyo, Gwamaka amesimama mlangoni na tai yake ya kombo, hajui kama amesamehewa, akidhani hajasamehewa.

"Mama," alisema Atuganile, "siku ile mimi nilikuwa nimefumba macho. Sikuona njia. Tulipitaje mpaka kwenye gari?"

"Hee! Kupita? Hatukupita, tulianguka."

"Hatukuanguka!"

"Tulianguka chali, kwenye tope, mbele ya mlinzi! Wewe ulidhani nimekaa nipumzike. Buti moja lilibaki mle, mpaka leo lipo."

"Mwongo huyo," Gwamaka alisema kutoka mlangoni. "Buti nililichomoa mimi, tena kwa jembe la mlinzi. Wewe ulikuwa umekaa topeni unaimba."

"Sikuwa naimba, nilikuwa nakuita wewe! Na wewe ulikuwa wapi? Mwambie mtoto ulikuwa wapi."

Gwamaka alikuna kichwa. "Nyuma ya gari."

"Ukifanya nini?"

"Nikilia."

Atuganile alikuwa ameinuka, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, na kicheko kilikuwa kinamponyoka vipande vipande, kikakatika, kikaanza tena. Bupe alitoka chini ya meza kuja kuona kuna nini. Mama yake alikuwa bado anazozana kuhusu buti. Atuganile alimshika mkono.

"Kumbe siku ile sikuwa nayo yote," alisema. "Anza tena, Mama. Anzia getini."